HAKI YA NJIA KANDO YA NYUMBA YA MUNGU

Katika mwezi wa Septemba mwaka 2022, baada ya sala ya Alasiri, tulibeba jeneza la bibi mmoja wa kijiji chetu, kilicho kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, tukielekea makaburini. Njia ni ile ile tuliyoipita tangu ujana wetu: hutoka msikitini, hushuka mpaka karibu na maji, kisha hupinda kulia na kupanda kijilima yalipo makaburi. Tulipofika penye mpindo tukakuta njia haipo. Palikuwa na miiba ya migunga iliyorundikwa kimo cha kifua cha mtu, na nyuma ya miiba hiyo majaruba ya vitunguu yaliyonyweshwa asubuhi ile. Waliotangulia wakasimama, waliokuwa nyuma, wasiojua kuna nini, wakaendelea kusukuma, na jeneza likayumba juu ya mabega.

Vijana wakaanza kupiga kelele, na mmoja wao akarudi mbio nyumbani kutafuta panga. Mwenye shamba akatoka kibandani mwake. Naye ni Muislamu mwenzetu, hukosekana mara chache katika safu ya pili ya sala ya Alfajiri. Alipoliona jeneza alishika kichwa, akaiondoa ile miiba kwa mikono yake mwenyewe hata ikamtoa damu, akajitenga kando na kuinamisha macho. Lakini mtu wa mwisho alipokwisha kupita alitukaribia, akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hii ni kwa heshima ya maiti. Leo tu."

Tulizika, tukaomba dua, tukarudi kwa taa za simu. Tulipofika pale penye mpindo, miiba ilikwisha kurudishwa mahali pake. Ndipo tulipofahamu kuwa yale maneno mawili, "leo tu", ni shauri kubwa kuliko panga la yule kijana; maana mwenye kuruhusu leo tu amekwisha kujihesabu kuwa ndiye mwenye njia.

Wasomaji wetu walio mbali huenda wakadhani kuwa Nyumba ya Mungu ni jina la msikiti. Siyo. Ni bwawa kubwa lililojengwa katika miaka ya 1960 kwa kuuzuia mto Pangani, mahali yanapokutana maji ya mto Kikuletwa, utokao pande za Meru na Kilimanjaro, na ya mto Ruvu, utokao ziwa Jipe. Mashariki yake ni Mwanga na milima ya Upare. Magharibi ni mbuga za Simanjiro. Maji yake huzungusha mitambo ya umeme ya megawati 8 pale bwawani, kisha hushuka kuzungusha mitambo mingine ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani katika mkoa wa Tanga. Na tangu mwaka 2025 maji hayo huvutwa kwa mabomba kupelekwa Mwanga na Same, kwa ule mradi uliongojewa miaka mingi. Kitongoji chetu bado hakijafikiwa na bomba, hivyo ndoo na kata za kichwani zingali kazini.

Bwawa lilipojaa walikuja wavuvi kutoka pande nyingi, wengine kutoka Ziwa Viktoria. Kwa hiyo vijiji vyetu si kama vile vya mlimani. Huko Usangi, Ugweno au Mbaga njia ni kongwe kuliko migomba. Masale yamepandwa mipakani, na mzee akiulizwa huweza kusema ni babu gani aliyeacha upenyo, na aliuacha kwa ajili ya nani. Sisi hatuna mzee wa namna hiyo. Na tuna jambo jingine wasilokuwa nalo wao: maji yetu hutembea. Mvua zikiwa nyingi bwawa hupanda na kumeza njia. Ukame ukija, na maji yakiendelea kutoka, ukingo hurudi nyuma kidogo kidogo, hata mtu aliyezoea kuteka mlangoni pake hana budi kutembea robo saa nzima kuyafuata. Ardhi inayoachwa na maji ni nyeusi na ina unyevu, na mkulima naye huyafuata maji kama wafanyavyo wateka maji. Mmoja ana ndoo, mwingine ana jembe, na wote wawili huelekea mahali pamoja. Njia ya kwenda majini, basi, ni njia isiyo na mwisho uliotulia. Na anayepanda mbele ya mwisho wake ameifunga, hata kama hakuigusa.

Hayo ndiyo yaliyotupata katika ukame wa mwaka 2022.

Siku ya tatu baada ya maziko tulikwenda nyumbani kwa yule bwana, sisi na wazee wawili, baada ya sala ya Isha. Alitupokea vizuri, akatutilia kahawa, kisha akasema yote aliyokuwa nayo moyoni. Mbuzi wamekula kitalu chake cha miche usiku mmoja. Pikipiki zimekata mpira wa mashine yake ya kuvutia maji mara tatu, na mashine yenyewe aliinunua kwa fedha za mkopo. Wanawake wamefua na kuanika nguo juu ya majaruba. "Na watoto wa chuo, Mwalimu," akasema, "hung'oa vitunguu wakarushiana kama mawe." Halafu akasema neno ambalo hatukuweza kulijibu: "Kabla sijaweka miiba njia ilikuwa moja. Kila mtu alikata ya kwake, zikawa sita. Je, nilime wapi?"

Tuliinamisha vichwa. Watoto wa chuo ni wetu. Asubuhi yake tulikwenda na kuzihesabu zile njia, tukakuta ni saba.

Lakini upande wa pili nao ulikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa nzito zaidi kwa kuwa ni ya uhai. Njia ilipofungwa, wateka maji walilazimika kuzunguka kupitia matete, na katika matete wamo mamba. Mtoto mmoja wa darasa letu, msichana wa miaka kumi na mmoja, alirudi alfajiri moja na kata kichwani bila ya ndoo. Alipoulizwa ndoo iko wapi alinyamaza, mpaka mama yake alipomketisha na kumbembeleza. Mamba alikuwa ameidaka ndoo, naye akaiachia. Tangu siku ile akina mama waliwakataza binti zao kwenda majini kabla ya jua kupanda, na kwa sababu hiyo watoto wakawa hufika shuleni somo la kwanza limekwisha. Mwenye vitunguu hakuyajua hayo yote, kwa kuwa yeye huyavuta maji kwa mashine.

Sasa dini yasemaje? Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii vinazigawa njia kwa mafungu mawili. Iko njia ipenyayo, itokayo upande mmoja hata upande wa pili, nayo ni haki ya watu wote. Hakuna mmoja, hata awe nani, awezaye kuweka humo kitu kinachowadhuru wapitao. Na iko njia isiyopenya, ambayo ni ya wale tu ambao milango yao imeielekea. Njia yetu yatoka msikitini, yafika majini, yaishia makaburini. Haihitaji kadhi kuitambua ni ya fungu gani.

Kuhusu upana wake, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume (s.a.w.) alihukumu ya kuwa watu wakigombana juu ya njia, upana uwe dhiraa saba. Dhiraa ni kutoka kiwikoni mpaka ncha ya kidole cha kati, basi saba ni mita tatu na zaidi kidogo. Wanavyuoni wamesema kipimo hicho ni cha mahali penye ugomvi. Wakipatana kwa chini ya hapo au kwa zaidi, mapatano yao yanafaa. Kadhalika imepokewa na Abu Daud kuwa watu ni washirika katika vitu vitatu, nayo maji ni kimojawapo. Na Bukhari amepokea khabari ya watu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama, na miongoni mwao ni mtu mwenye maji ya ziada kando ya njia akamnyima msafiri. Mkulima wetu angeweza kusema kuwa yeye hakumnyima mtu maji, alifunga njia tu. Basi anayefunga mlango wa nyumba yenye kisima amefunga nini?

Kuna kisa katika Muwatta ya Imamu Malik ambacho watu wa Upare, wenye kuijua mifongo, watakifahamu upesi kuliko wengine. Mtu aitwaye Dhahhak bin Khalifa alitaka kupitisha mfereji wa maji mpaka shambani kwake, na hapakuwa na pa kupitisha ila katika ardhi ya Muhammad bin Maslama. Huyu akakataa. Dhahhak akamwambia: mbona wewe utafaidika, utanywesha shamba lako mwanzo na mwisho, wala hutapata dhara? Bado akakataa. Shauri likafika kwa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), naye akamwamuru Muhammad bin Maslama amwachie njia, alipokataa mara nyingine, Umar akaapa kuwa mfereji utapita hata kama ni juu ya tumbo lake, akaamuru upitishwe. Tukumbuke kuwa Muhammad bin Maslama hakuwa mtu mnyonge wala mwovu. Alikuwa sahaba mkubwa aliyepigana Badri. Ardhi ilikuwa ni yake kweli. Lakini alizuia kitu kinachomfaa mwenziwe wala hakimdhuru yeye, na Umar hakuona kuwa umiliki unafika mpaka hapo.

Laiti tungesoma kisa hicho peke yake tungemwendea mwenye vitunguu kwa kiburi. Kiko cha pili. Abu Daud amepokea, ijapokuwa wataalamu wamesema juu ya sanadi yake, kwamba Samura bin Jundub alikuwa na mtende katika bustani ya mtu wa Ansari. Alikuwa akiingia kuutazama, na kuingia kwake kukawaudhi wenye nyumba. Mtume (s.a.w.) alimtaka auuze, akakataa, abadilishe kwa mwingine, akakataa, autoe kwa thawabu, akakataa. Ndipo Mtume akamwita kuwa ni mtu mwenye kudhuru, akamwambia Ansari aende akaung'oe ule mtende. Samura alikuwa na haki ya kuingia, kwa kuwa mtende ulikuwa wake. Haki hiyo ikamtoka kwa namna alivyoitumia.

Tulivisoma visa vyote viwili msikitini Ijumaa moja, kimoja baada ya kingine, na mwenye shamba yupo, na wenye pikipiki wapo. Hatukuongeza neno. Baadhi ya vijana walichukizwa kwamba hatukuwapa ushindi. Mmoja alituuliza mlangoni kama tumekula vitunguu vya yule bwana.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hayo. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Anachopewa mtu ni haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999 ina sehemu nzima juu ya haki ya kupita katika ardhi ya mwingine na juu ya njia za umma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka huo huo, imeunda Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, na kati yao wanawake wasipungue watatu. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, husuluhisha tu wala halihukumu tena mashauri ya ardhi. Anayetaka hukumu hana budi kwenda wilayani, na anayekwenda wilayani aweke akiba ya nauli na ya siku zake.

Iko pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ikatazayo shughuli za kudumu, au zenye kuhatarisha hifadhi ya mto, ziwa au bwawa, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kijijini petu kila mtu aijua hesabu hiyo, na kila mtu huipima kwa faida yake. Mita 60 kutoka ukingo upi, wa masika au wa kiangazi? Mwenye shamba alisema vitunguu si shughuli ya kudumu, maana hukaa ardhini miezi michache kisha huvunwa. Mjumbe mmoja wa baraza, mama mtu mzima, akamjibu: "Baba, vitunguu vyako ni vya miezi michache, lakini miiba yako ina mwaka." Watu wakacheka, hata yeye mwenyewe, na tangu hapo mazungumzo yakawa mepesi.

Baraza lilikaa mara mbili, mwanzoni mwa mwaka 2023. Mara ya pili halikukaa ofisini, lilitembea. Wajumbe, mwenye shamba, wavuvi, wafugaji na sisi tuliifuata njia kwa miguu kutoka msikitini. Ilipatana kuwa njia isipite katikati ya shamba kama zamani, bali ipinde kando ya mpaka wake wa kaskazini, hatua kama mia mbili zaidi, na mwenye shamba aruhusiwe kulizungushia ua mpaka ukingo wa njia. Upana ukawa ni dhiraa saba. Hapo palizuka mzozo wa kuchekesha: dhiraa ya nani? Mvuvi mmoja mrefu alinyosha mkono wake, mwenye shamba akalalamika, mwishowe akachaguliwa mtu wa kimo cha kati, na katibu akaandika kipimo kwa mita ili asitafutwe tena mwenye mkono. Mifugo ikatengewa mapito yake upande wa pili, na pikipiki zikakatazwa kabisa. Mwenye shamba alitaka jambo moja la ziada, kwamba mpira wake ufukiwe panapokatwa na njia, na vijana wale wale waliotaka kwenda na panga ndio waliochimba.

Na juu ya mwisho unaohama iliandikwa hivi: njia ifuate maji yaendako, kwa upana ule ule, wala asipande mtu mbele yake. Neno hili ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote, na kwa maoni yetu ndilo lililokuwa na thamani kuliko yote.

Mzee mmoja aliuliza kwa nini tuandike, kwani njia ya miguu tangu lini ikahitaji karatasi. Wengi hufikiri kama yeye. Lakini hata Waingereza, wapendao kuandika kila kitu, walichelewa katika jambo hili. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya wafanya kazi, wengi wao kutoka mji wa Manchester, walipanda kwa makusudi mlima wa Kinder Scout, uliokuwa umefungwa na tajiri aliyeuhifadhi kwa uwindaji wa ndege. Walipambana na walinzi, na vijana watano wakafungwa gerezani. Ilikuwa mpaka mwaka 1949 ndipo ilipotungwa sheria ya kuziamuru halmashauri za majimbo zichore ramani za njia za miguu. Njia iliyomo katika ramani hizo huwa ni ushahidi mtimilifu mahakamani, hata kama waliokuwa wakiipita wote wamekwisha kufa. Sisi hatuna ramani ya namna hiyo, lakini kila kijiji chaweza kuwa na mpango wake wa matumizi ya ardhi, na ndani ya mpango huo njia ya maji, mapito ya mifugo na njia ya makaburini zaweza kuandikwa kabla ya ugomvi. Sisi tuliandika baada yake. Muhtasari uko kwa mtendaji wa kijiji, na nakala yake iko katika sanduku la misahafu msikitini.

Kuhusu watoto wetu, tuliwakataza kuingia mashambani na tukawapa kazi ya kufyeka njia kila Alhamisi baada ya masomo. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, kama ilivyopokewa na Muslim, na somo hilo tulikuwa tukilifundisha kwa midomo miaka mingi bila ya kuwapa watoto panga la kufyekea. Wenye nyumba watatuwia radhi kwa kanzu zilizochanika.

Mvua kubwa zilizofuata, zilizoendelea mpaka mwaka 2024, zililijaza bwawa. Maji yakapanda, yakafunika majaruba na nusu ya njia, na kwa muda hapakuwa na cha kugombania. Yalipoanza kurudi mwaka 2025 tulikwenda kutazama. Njia ya makaburini ilikuwa wazi. Lakini pale ilipotakiwa kuyafuata maji tulikuta miche imepandwa, mistari iliyonyooka, na miiba michache imeanza kukusanywa pembeni. Haikuwa ya yule bwana. Alikuwa ni kijana mgeni aliyekodi ardhi msimu ule, wala hakuna aliyemwambia neno. Mwenye shamba wa zamani ndiye aliyetutangulia kwenda kwake. Tulipofika na nakala yetu tulimkuta amesimama na kijana kati ya miche, amenyosha mkono wake ardhini kuanzia kiwikoni, akimhesabia.